Nywele za nyuzi zilisukwa Pangani kabla hatujaziona kwenye simu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua.

Jumapili iliyopita mjukuu wangu alinisomea makala ya gazeti lako kuhusu nywele za maharusi. Picha zilikuwa nzuri na mwandishi amejitahidi. Alipofika kwenye ile picha ya bibi harusi aliyesukwa nyuzi, zikakunjwa juu ya utosi kama taji, akasoma kwamba mtindo huu umeingia nchini kutoka Nigeria, na kwamba bibi zetu walikuwa wakijua twende kilioni tu. Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Nikamwambia alete kalamu na karatasi, maana jambo hili limeniuma na sikutaka kulala nalo.

Mimi ni msusi. Nina miaka 69. Nimezaliwa Pangani, nikaolewa Tanga mjini, na saluni yangu ya Ngamiani niliifungua mwaka 1989 kwa draya moja ya mtumba na kioo nilichokibandua kwenye mlango wa kabati. Watoto wangu watatu wamesoma kwa kazi hii. Kichwa cha kwanza cha nyuzi nilikisuka nikiwa na miaka tisa, mwaka 1965, na wakati huo hata neno Nigeria nilikuwa sijalisikia.

Aliyenifundisha ni bibi mzaa mama. Kwa kweli yeye hakuwa akisema kusuka nywele. Kusuka kwake kulikuwa mikeka na vikapu. Nywele alisema zinasongwa. Baada ya swala ya alasiri alikuwa akikaa barazani, anatandika mkeka, na wasichana wa mtaa wanakuja mmoja mmoja kuketi chini, mabega katikati ya magoti yake. Mimi hakuniruhusu kugusa kichwa cha mtu mpaka nijue kukaza. Baba alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge, akawa ananiletea singa za katani, nikazifunga kwenye mguu wa kitanda nikawa nasonga na kufumua, nasonga na kufumua. Katani inateleza na haisamehe. Ukilegeza inafumuka yote, ukikaza mno inakukata kidole. Nilikaa na ule mguu wa kitanda mvua mbili, ya vuli na ya masika.

Sasa nieleze nyuzi zenyewe, kwa sababu nimeona mwandishi ametaja jina bila kusema zinafanywaje.

Nywele zioshwe, zikauke kabisa. Ukikaza uzi kwenye nywele mbichi zinakauka zikiwa zimevutwa, na usiku mzima mtu hapati usingizi. Bibi aligawa kichwa kwa chelewa, akiichora njia kuanzia kipajini mpaka kisogoni, na ile njia ilinyooka kuliko ninavyogawa mimi leo kwa kitana chenye mkia. Kila fungu alilipaka mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Uzi aliukunja mara mbili ili uwe na nguvu. Mizunguko mitatu ya kwanza inakaa kwenye shina, mmoja juu ya mwenzake. Halafu mkono wa kushoto unalivuta fungu linyooke, wa kulia unateremsha uzi. Hapa ndipo msusi anapoamua. Kama anataka nywele zinyooke tu, zikifumuliwa ziwe ndefu na laini, anaacha nafasi kama ya punje ya mchele kati ya mzunguko na mzunguko. Kama anataka kijiti kigumu cha kukunjwa, anafunika chote, uzi ukilala ubavuni mwa uzi, nywele isionekane. Akifika nchani anarudi juu kidogo, anapiga kifundo, anakata kwa meno.

Kabla ya kufunga mafungu ya mbele bibi alikuwa anasema: "Kunja uso." Ukikunja uso ukahisi ngozi ya kipaji inavutwa, anafumua na kuanza upya, hata kama jua limeshazama na mama yako anakuita. Naletewa siku hizi wasichana wa miaka 20 ambao nywele za pembeni zimekimbia, kipaji kimefika katikati ya kichwa, na wote wanasema msusi aliwaambia wavumilie, zitalegea zenyewe. Hakuna aliyewaambia wakunje uso.

Vijiti vikishasimama kichwani ndipo kazi ya macho inapoanza. Unaweza kukikunja kimoja kikamshike jirani yake, mzunguko mzima, ukapata tulichoita kikapu. Unaweza kuvipishanisha kwa mshazari ukapata nanasi. Vya watoto wa shule vilikuwa vichache na vifupi, vimesimama tu. Na vya harusi vilikunjwa vyote kuelekea utosini vikakutana pale, katikati ukachomekwa kikuba cha asumini na rehani, na nywele zote zikafukizwa udi chini ya kanga. Mhariri, hiyo ndiyo picha uliyoichapa Jumapili. Kilichokosekana ni kikuba.

Sisemi Wanigeria wameiba kitu. Wayoruba wana nyuzi zao na wana jina lao, irun kiko, na ni za tangu enzi. Watu wenye nywele za aina moja, wenye uzi na wenye jioni ndefu, wanaweza kufika mahali pamoja bila kuonana. Ninachosema ni kwamba wao wamehifadhi za kwao na sisi tumezitupa. Mjukuu wangu amenionyesha kwenye simu picha za mzee mmoja wa huko, J.D. 'Okhai Ojeikere. Kuanzia mwaka 1968 mzee huyu alizunguka na kamera yake kwenye harusi, mitaani, maofisini, akipiga picha za nywele za wanawake. Alipofariki mwaka 2014 alikuwa ameacha karibu mitindo 1,000. Nimezitazama mpaka chaji ikaisha. Nyingi amezipiga kwa nyuma! Mwanamke hana uso, ni shingo na kichwa, na unaona kila njia iliyogawanywa na kila mzunguko wa uzi. Nilitamani kulia, kwa furaha na kwa kijicho.

Kwetu wapiga picha walikuwepo, na studio nzuri zilikuwepo. Unguja kulikuwa na Capital Art Studio tangu mwaka 1930. Hata sisi wa Pangani tulikuwa tukisafiri mpaka Tanga mjini kwenda kupigwa. Lakini studioni ulikuwa unaambiwa utazame mbele, ukae wima, na wengi wetu tulijitanda mtandio kwa heshima. Kwa hiyo nyuso za mama zetu tunazo. Visogo vyao hatuna.

Kutupa kwenyewe hakukuwa kwa siku moja. Nilikuwa na miaka 12 Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana, mwezi wa kumi mwaka 1968. Wigi lilitajwa pamoja na vimini, suruali za kubana na krimu za kujichubua, kwamba kuanzia Januari 1969 mambo hayo basi. Shangazi yangu alikuwa na wigi moja kutoka Mombasa. Alilifunga kwenye mfuko wa nailoni akalizamisha chini ya khanga kwenye sanduku la chuma, na sikuliona tena mpaka alipofariki. Ungedhani mawigi yakikatazwa basi nyuzi zingepata heshima. Hazikupata. Wasichana wa mjini waliacha nywele zao wakazichanua afro, na aliyesukwa nyuzi akaambiwa mshamba. Mimi mwenyewe mwaka 1973 nilizifumua zangu njiani nikienda Tanga, ndani ya basi, nikawa natupa nyuzi dirishani kidogo kidogo ili nifike kituoni kichwa kikiwa wazi. Bibi aliniuliza niliporudi, zimekwenda wapi? Nikasema zilikuwa zinauma.

Halafu kitana cha moto. Hicho nilijifunza kwa mama mmoja wa Ngamiani aliyekuwa akipasi nywele uani kwake. Kitana cha chuma juu ya jiko la mkaa, na pembeni mwake daima kulikuwa na gazeti kuukuu. Kabla ya kugusa nywele alikuwa anakibana kitana kwenye karatasi. Karatasi ikigeuka kahawia, kitana kirudi kupoa. Ikibaki nyeupe yenye joto, twende. Nywele ziwe kavu kabisa, na mafuta yawe kidogo, kwa sababu maji yakikutana na chuma yanatoa mvuke, na ule mvuke ndio unaobabua sikio. Ilikuwa kazi ya saa mbili, na Tanga ni mji wa bahari. Upepo wenye unyevu ukivuma jioni, nywele zinarudi zilivyokuwa kabla mteja hajafika kwake.

Miaka ya 1982 mpaka 1984, anayekumbuka foleni za sabuni anajua. Tuliosha nywele kwa kipande cha sabuni ya mche kilichokatwa kwa uzi ili kitoshe watu wanne. Wakati huo nyuzi zilirudi kidogo, kwa sababu hapakuwa na kingine, na uzi wenyewe tuliupata kwa kufumua sweta kuukuu. Nilisuka sana miaka ile. Nilisuka kwa malipo ya unga, kwa malipo ya samaki, mara moja kwa malipo ya betri mbili za redio.

Akaja Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, mwaka 1985, mizigo ikafunguka, na kalikiti ikaingia. Vijana wanaocheka picha za wazazi wao wenye nywele zinazochuruzika mafuta wajue lile neno lilitoka kwenye boksi: Curly Kit, dawa iliyotolewa na Pro-Line, kampuni ya Mmarekani mweusi Comer Cottrell. Ilikuwa kazi ya kisomi, si ya kupaka na kuondoka. Kwanza krimu ya kuilegeza nywele, inyooke. Suuza. Kisha unaizungusha kwenye rodi za plastiki, kila fungu na karatasi yake ndogo, unapaka maji ya dawa, unamvalisha kofia ya nailoni. Unasuuza rodi zikiwa bado kichwani, unatia dawa ya kufunga ile mikunjo, unangoja, unatoa rodi. Ndipo inaanza kazi isiyoisha, ya kupuliza maji yenye glisarini asubuhi na jioni. Glisarini inavuta unyevu hewani, ndiyo maana Tanga kalikiti ilikaa vizuri kuliko bara. Foronya za wakati ule hazikutakata tena.

Nataka kuisema hadharani habari moja ya mwaka 1991. Alikuja bibi harusi siku ya Alhamisi, ndoa ni Jumamosi. Nywele zake zilikuwa zimepigwa pasi, nzuri, zinang'aa. Nikamuuliza kama amewahi kuweka dawa ya kunyoosha. Akasema hapana. Nikaamini mdomo, sikuziuliza nywele. Ningelowesha kishungi kimoja cha kisogoni ningejua, kwa sababu nywele isiyo na dawa ikilowa inajikunja, na yenye dawa inalala. Dawa nyingi za kunyoosha za wakati ule zilikuwa na kostiki, ya kalikiti ni nyingine kabisa, na hizo mbili hazikai kwenye nywele moja. Nilipokuwa nasuuza, rodi ya kwanza ilitoka na nywele zake. Ya pili pia. Nilisimamisha mkono, nikafunga maji, nikabaki nasikia draya inavyovuma upande wa pili. Yeye hakuwa amejua bado. Nilimzungushia taulo kabla sijamgeuza kwenye kioo.

Nilizikata zilizobaki, nikarudisha fedha yote, na Jumamosi akaolewa kwa ushungi. Baada ya miezi sita alirudi, na mimi nilidhani amekuja kunigombeza. Akasema: "Mama, zimeota, sasa unifanyie kitu kisicho na moto wala dawa." Mikono yangu ilijua la kufanya kabla mimi sijafikiri. Nilichukua uzi mweusi nikamsonga kama bibi alivyonifundisha, kwa nafasi ya punje ya mchele. Nilimfanyia hivyo kila wiki mbili kwa mwaka mzima. Nywele zilifika mabegani. Tangu hapo nyuzi hazijatoka saluni kwangu, hata miaka ambayo hakuna aliyeziomba isipokuwa yeye.

Lakini majina ndiyo yaliyonitoroka, na nakumbuka yaliondokaje. Katikati ya miaka ya 1990 zilikuja zile karatasi kubwa za picha, wanawake thelathini au arobaini kwenye karatasi moja, kila mmoja na namba yake. Nilinunua mbili nikazibandika ukutani, nikajiona nimeendelea. Kuanzia siku ile wateja wakaacha kusema kikapu, wakaacha kusema ukili. Wakawa wanasonta: "Nifanyie namba 14." Na mimi nikawaambia wasichana wangu, huyu ni 14, yule ni 22. Miaka kumi baadaye nilimtafuta msichana mmoja pale saluni anieleze nanasi ni mtindo gani, akanitazama. Wasichana wale niliwafundisha mimi. Kwa hiyo ninapolalamika kuhusu makala yako, Mhariri, ujue nalalamika na mimi nikiwemo.

Rasta zilipoenea ndiyo kabisa. Kazi ikawa ni kuongeza nywele za pakiti, na mafundi wake wazuri wengine wakawa ni vijana wa Kimasai, ambao kwao morani kusokotwa nywele ndefu ni jambo la jadi, wakaja nayo mjini wakapata riziki. Nawaheshimu sana. Wao angalau walikuja na ya kwao mkononi.

Sasa wasichana wanazikimbia dawa, na sababu wanayo. Oktoba 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wanawake 33,497 waliofuatiliwa kwa karibu miaka 11. Waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walionekana kupata saratani ya mji wa mimba mara mbili na nusu kuliko wasiotumia. Utafiti huo haukusema kwamba dawa ndiyo imesababisha, na saratani hiyo yenyewe si ya watu wengi, lakini mteja wangu akiniuliza namweleza hayo, halafu namweleza kuna njia ya kunyoosha nywele kwa uzi wa bei ya chai. Anafurahi. Kisha anasema: "Aa, ile ya Kinigeria."

Ombi langu ni hili, na naomba ulichukue kwa uzito. Gazeti lako lina wasomaji kila wilaya. Tengeni nafasi ndogo, hata robo ukurasa kwa wiki, muwaombe watu walete picha za zamani za nywele za mama zao na bibi zao, na chini ya kila picha muandike mtindo unaitwaje kwao na nani alikuwa akiusuka. Tanga tutasema hivi, Kilwa watasema vingine, Bukoba watakuwa na yao ambayo mimi sijawahi kuisikia. Wapelekeeni mpiga picha wale wasusi wakongwe ambao bado vidole vinafanya kazi, apige kwa nyuma na kwa juu, apige na mikono. Mimi nitasuka bure kichwa chochote mtakachokileta, nyuzi za aina zote nilizobaki nazo, na zimebaki saba. Na vyuo vya ufundi vinavyofundisha wasichana rodi na draya viweke na uzi kwenye meza ya mazoezi. Haigharimu kitu.

Vidole vyangu viwili vya kulia vimeanza kukataa kukunjika asubuhi. Mpaka saa nne vinakuwa sawa.

Pamoja na barua hii nimeambatanisha nakala ya picha. Ni mama yangu, studioni Tanga mjini, mwaka 1967, siku tatu baada ya harusi ya mdogo wake. Ndiyo picha pekee niliyonayo ambayo mtandio umemteleza, na mpiga picha hakungoja aurudishe. Vijiti kumi na kimoja, vyote vimekunjwa kuelekea utosini, na ukitazama kwa makini upande wa kushoto utaona kikuba. Bibi ndiye aliyemsonga, mimi nilishika uzi. Mkiichapa, tafadhali msiikate kwa juu.

Wako,
Msusi wa Ngamiani,
Tanga